Naomba ushauri: nianze wapi kukusanya upya kazi zote za Isis?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kirumba, Mwanza. Naongelea Isis, bendi ya posti-metali (muziki mzito wa magitaa, wenye nyimbo ndefu zinazojengeka taratibu) iliyoanzia Boston, Marekani, mwaka 1997 na kuvunjika 2010.

Nilikuwa na albamu zao zote tano kwenye memori kadi. Wiki iliyopita nilipeleka simu kwa fundi, ikarudi nyeupe kabisa. Imeniuma sana.

Oceanic ya 2002 ndiyo iliyonishika. Niliisikiliza mara ya kwanza kwenye kivuko cha Kamanga, ziwa limetulia: magitaa yanapanda taratibu, dakika nane nzima, halafu mwimbaji wao Aaron Turner anaunguruma na kila kitu kinafunguka. Panopticon ya 2004 nayo naipenda, pengine zaidi, maana pale sauti ya kuimba inapata nafasi kubwa. Celestial ya 2000 ni nzito mno, sikuwahi kuimaliza kwa mkao mmoja. In the Absence of Truth, 2006, na Wavering Radiant, 2009, nilizipitia juu juu tu.

Sasa nataka kununua upya kihalali, kidogo kidogo. Je, nifuate miaka, kuanzia zile rekodi fupi za mwanzo kama Mosquito Control ya 1998, au nianze na hizo mbili za mwisho nilizozipuuza? Na aliyewahi kuagiza sidii kutoka nje zikamfikia Mwanza salama, alitumia njia gani? Vibanda vya hapa vya kuweka nyimbo kwenye flashi muziki huu hawana, nimeshazunguka.