Mtoto anakaribia miezi sita na mimi ndiye mpishi: ninunue nini, nipike nini?

BabaMwenyeMwiko

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yetu ana miezi mitano na wiki mbili. Mama yake anarudi kazini mwezi ujao, na mimi kazi zangu nazifanyia nyumbani, kwa hiyo tumegawana: yeye anakamua maziwa, mimi nashika jiko. Kupika najua, si mtu wa kuunguza maji. Mpaka juzi nilikuwa natembea kifua mbele.

Juzi nikasema nifanye mazoezi. Nikachemsha maini, nikayatia kwenye blenda, nikasaga. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya saruji mbichi, na ukigeuza bakuli hakidondoki. Nikaonja. Mke wangu akauliza ni nini hicho, nikamwambia ni jaribio. Paka alinusa akaenda zake, na huyo paka amewahi kula kamba ya kiatu.

Kwa hiyo nimekuja kwenu na mambo mawili.

Kwanza, manunuzi. Kila rafiki ametutumia orodha yake ya vitu "vya lazima". Nimeziunganisha, nimepata vitu 41. Kuna mashine inayopika kwa mvuke na kusaga humo humo, kifaa cha kupashia chupa, kingine cha kutakasia chupa, kigari cha kujifunzia kutembea, poda, mto wa kulalia, mkufu wa kaharabu wa kutuliza ufizi, na kifaa cha kupasha moto tishu za maji (naomba mtu aniambie huyu wa mwisho alikuwa anatania). Nikate vipi?

Pili, chakula. Mama mkwe, ambaye nampenda kweli, anasema tuanze leo kwa sababu mtoto anatukodolea macho tukila. Anasema pia kwamba chumvi kidogo na asali kidogo havijawahi kumdhuru mtu. Ugomvi sitaki. Nataka hoja za kumpelekea.

---

MamaWatatu

Kaka, hongera. Nimecheka nikakumbuka saruji yangu mwenyewe. Nitaanza na mama mkwe maana hilo ndilo lenye haraka.

Asali: hapana kabisa, hadi afikishe miezi 12. Hata ncha ya kidole, hata iliyopikwa ndani ya kitu. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayesababisha botulizimu, na moto wa jikoni hauziui. Wewe na mimi tukizimeza tumbo linazimaliza. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka bado halijakomaa, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anakosa choo, analia kinyonge, shingo inalegea. Mwambie mama hivyo hivyo, kwa upole, tena mwambie akifika mwaka atamlambisha yeye mwenyewe.

Chumvi: figo zake ni changa, na chumvi anayohitaji tayari imo kwenye maziwa. Huyu hajui chakula "kilichopooza" ni kipi, anayekiona kimepooza ni wewe. Na angalia vile vidonge vya supu, ni chumvi tupu iliyovaa koti.

Kukodoa macho si dalili. Kula ngumi si dalili. Kuamka usiku ndio kabisa. Dalili ni tatu, nazo zije pamoja: anakaa wima huku shingo imetulia, anaona kitu anakishika na kukifikisha mdomoni mwenyewe, na ukimtia kijiko anameza badala ya kukisukuma nje kwa ulimi. Kwa wengi zinakutana karibu na miezi sita, na ndio muda ambao Shirika la Afya Duniani linaushauri. Wiki mbili si nyingi, zitumie kuoshea hiyo blenda.

Sasa maini. Kosa lako ni kuyachemsha peke yake, tena kupita kiasi. Yaive vizuri, ndiyo, pasibaki wekundu ndani, lakini yapike kwa maji kidogo pamoja na kitunguu, kisha uyasage na hayo maji yake na kiazi kitamu au malenge. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha maini kwa vijiko vitatu vya malenge. Rangi inakuwa ya kahawia yenye adabu. Mara moja kwa wiki inatosha, maana maini yana vitamini A nyingi mno. Siku nyingine tumia nyama, samaki uliyemtoa miba kwa vidole vyako mwenyewe, yai lililoiva, dengu.

Na viazi mviringo usivitie kwenye blenda hata siku moja. Visu vinapasua wanga, unapata gundi ya kubandikia matangazo. Viponde kwa uma, vikiwa vya moto, ulainishe kwa maziwa ya mama yake. Kwa kweli uma utautumia kuliko mashine yoyote. Mtoto hali uji wa majimaji milele: laini kabisa ni wiki za mwanzo tu, halafu mazito, halafu ya kuponda yenye vidonge vidonge, na kufika miezi minane tisa awe anashika vipande vilivyoiva vinavyosagika kati ya vidole viwili. Wa kwanza wangu nilimsagia hadi mwaka mzima kwa woga. Nikaja kulipia: kila alichokiona kina umbo alikitema.

Orodha yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu.

Mashine ya mvuke na kusaga: ninayo. Ilitumika mara nne. Kuna kona chini ya kisu ambapo karoti inaingia na haitoki hadi uichokoe kwa kijiti cha meno. Sasa hivi inawekewa vitunguu. Sufuria, chujio la chuma la kuwekea juu ya mvuke na hiyo blenda yako vinatosha.

Kipasha chupa: bakuli la maji ya moto. Usitumie maikrowevu kwa maziwa, yanapata moto sehemu sehemu, nje vuguvugu na katikati yanababua. Kitakasa chupa: sufuria, maji yachemke, dakika tano.

Kigari cha kutembelea: kata. Hakimfundishi kutembea, kinampa mwendo wa kufika kwenye ngazi na kwenye jiko kabla hujageuka. Kanada walipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Mkufu wa kaharabu: kata mara mbili, ni kitanzi shingoni kilichotungwa shanga za kumpalia. Kitambaa safi kilicholoweshwa na kuwekwa kwenye friji kinatuliza ufizi vizuri tu. Poda: vumbi lake linaingia mapafuni, na ngozi haina haja nayo. Mto: kata. Kitandani paweko godoro gumu, shuka lililobana, na mtoto chali. Basi. Kama kitanda ni cha kupewa, pima nafasi kati ya fito: isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, kichwa au mwili wa mtoto una njia ya kunasa.

Ambavyo ningetoa hela bila kununa: kiti cha kulia chenye mkanda na mahali pa kukanyagia miguu, vijiko laini viwili, trei za barafu zenye mfuniko, na kiti cha gari kama mna gari. Hiki cha mwisho usikichukue kwa mtu usiyejua historia yake. Kikishapata ajali hakifai, hata kama kwa macho ni kizima, na kina tarehe ya mwisho iliyopigwa chini yake.

Kipasha tishu… huyo rafiki mwulize kama yuko sawa.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

MamaWatatu amemaliza mengi. Naongeza matatu, niko mapumzikoni.

Madini ya chuma. Mtoto anazaliwa na akiba yake, na karibu na miezi sita inapungua. Maziwa ya mama ni mazuri lakini yana chuma kidogo. Ndiyo maana nyama, maini, samaki, mayai na jamii ya kunde visisubiri mwishoni baada ya "matunda kwanza". Dengu na maharage wape na kitu chenye vitamini C mlo huo huo, nyanya au chungwa, chuma kinafyonzwa zaidi. Chai kwa mtoto hapana, inakizuia.

Karanga. Zamani tuliwaambia wazazi wangoje miaka. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa LEAP uliofuatilia watoto zaidi ya 600 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio. Waliokula karanga mapema walipata mzio huo kwa kiwango kidogo mno kuliko walionyimwa. Lakini si punje! Punje nzima ni hadi apite miaka mitano. Tumia siagi laini ya karanga, kijiko cha chai kimoja, uizimue kwa maji ya uvuguvugu uchanganye na ndizi. Mpe asubuhi mkiwa wote macho, si usiku. Kama ana ukurutu mkali au ameshaonyesha mzio wa yai, ongea na daktari kwanza.

Kupaliwa. Mtajifunza kutofautisha. Akikohoa, akitoa ulimi, akiwa mwekundu na kelele nyingi, anajitetea. Mwache, usimtie kidole. Anayepaliwa hasa hana sauti. Macho yametoka na kimya. Jifunzeni namna ya kumsaidia kabla ya kijiko cha kwanza, wewe na mkeo na mama mkwe. Zabibu mbichi kata kwa urefu vipande vinne. Karoti mbichi, bisi na soseji za mviringo, hapana.

---

KopoSiDhambi

Nitasema la upande wa pili. Nimelea pacha. Kuna siku kopo au pakiti ya dukani ndiyo iliyotuokoa, na watoto wako hai wanasumbua. Msimtie mwanaume wa watu hofu.

Ila soma nyuma, si mbele. Mbele kumeandikwa "mboga na nyama" na picha ya brokoli, nyuma kitu cha kwanza ni tofaa au peasi, yaani sukari ya matunda, na nyama iko mkiani. Mtoto anajifunza kwamba kila mboga ni tamu. Na pakiti za kufyonza mimina kwenye kijiko, asizoee kunyonya chakula bila kukiona. Nafaka ya mchele usiifanye ya kila siku: mchele hufyonza aseniki, ambayo ni sumu, kutoka ardhini kuliko nafaka nyingine, kiasi kwamba Marekani mwaka 2020 waliweka kikomo kwa nafaka ya mchele ya watoto wachanga. Zungusha na shayiri, mtama, ulezi.

---

BabaMwenyeMwiko

Nashukuruni. Orodha imeshuka kutoka 41 hadi tisa. Mkufu nilishapewa zawadi, nimeuning'iniza kwenye kioo cha bafuni.

Swali dogo: nikipika Jumapili niweke kwenye friza, inakaa muda gani? Na maziwa ya mama yake je?

---

MamaWatatu

Chakula: kikishaiva kitandaze kwenye sahani pana kipoe haraka, kisikae juu ya meza zaidi ya saa mbili. Kwenye friji siku moja mbili, hasa chenye nyama. Kwenye friza mwezi mmoja hadi miwili. Kikiganda kwenye trei kitoe, kitie kwenye mfuko, na UANDIKE. Jina na tarehe. Mume wangu aliwahi kutia kwenye juisi yake ya ndimu vipande viwili vya kijani akidhani ni mnanaa ulioganda. Ilikuwa njegere na samaki. Alikunywa nusu kabla ya kusema chochote, kwa heshima yangu.

Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku, si juu ya kaunta. Pasha hadi kitoe mvuke, koroga, acha kipoe, onja wewe kwa kijiko kingine. Chota kidogo kwenye bakuli lake, maana kilichoguswa na kijiko chenye mate kikibaki ni cha kumwaga.

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi: saa nne mezani kama chumba hakizidi nyuzi 25, siku nne kwenye friji (ndani kabisa, si mlangoni), na kwenye friza tumia ndani ya miezi sita. Yaliyoyeyuka usiyagandishe tena.

---

BabaMwenyeMwiko

Narudi na ripoti. Tulingoja. Mama mkwe nilimsomea ile ya asali neno kwa neno, akanyamaza, kisha akasema "basi mwaka si mbali," na ameandika tarehe kwenye kalenda yake.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Maini na malenge, rangi ya kahawia yenye adabu kama ilivyoahidiwa. Kijiko cha kwanza alikunja uso kama mtu aliyesomewa bili. Cha pili alimeza. Cha tatu alikikamata yeye, na hapo nikapoteza uongozi. Nahesabu vijiko viwili vimeingia tumboni. Vingine nilivikuta sikioni wakati wa kumwogesha, na kimoja kwenye soksi yangu, sijui kwa njia gani. Leo nikampa karoti, alikula kama mkulima.

Ila jioni hii nimebadilisha nepi na choo ni cha rangi ya chungwa, tena kina vinyuzi. Hana homa, anacheka. Nimkimbize?

---

MamaWatatu

Ulimpa nini leo?

---

BabaMwenyeMwiko

Karoti.

Sawa, nimeelewa.

---

MamaWatatu

Siku ya bitiruti nijulishe mapema.