Mtoto na WhatsApp: tulaumu vyombo vya habari, kampuni au mzazi?

Neema_Kihonda

Wakuu, salaam. Kila likitokea jambo la mtoto na simu, redio na kurasa za habari hutangaza "mchezo hatari" ulioingia WhatsApp. Magrupu ya wazazi yanajaa onyo lilelile, kisha wiki inapita na simu ya mtoto imebaki ilivyokuwa. Naomba wenye ujuzi mtufafanulie: lawama wanazotupiwa waandishi na kampuni zina haki kiasi gani, na mzazi wa mtoto wa miaka 11 hadi 14 afanye nini hasa, kwa vitendo? Nazungumzia Android za kawaida, na nyumba nyingi mtoto anashika simu ya mama.

Kalamu_Mbili

Dada Neema, waandishi wanastahili lawama yao, na kisa cha Momo kinatosha kuonyesha. Februari 2019 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba kuna kiumbe mwenye macho ya kutisha anayewaandikia watoto WhatsApp na kuwaamuru wajidhuru. Picha ile ilikuwa ya sanamu ya msanii wa Japani, Keisuke Aiso, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 2016. Samaritans na NSPCC, mashirika yanayoshughulika na watu walio kwenye dhiki na ulinzi wa watoto, yalisema hakuna ushahidi uliothibitishwa wa madhara. NSPCC ikaeleza kwamba waandishi waliopiga kuuliza walikuwa wengi kuliko wazazi wenye wasiwasi. Na maonyo yalisambazwa pamoja na picha yenyewe, kwa hiyo mtoto aliyekuwa analindwa ndiye akaonyeshwa.

Kwetu huku tulishapitia jambo la jinsi hiyo. Mei 2017 bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya, KFCB, ilitangaza kupiga marufuku Blue Whale, mchezo uliosemekana kuwaamuru vijana wajidhuru. Lakini hapakuwa na programu ya kufuta wala tovuti moja ya kufunga. Mzazi aliyepekua simu akitafuta jina hilo hakuliona, akapumua, wakati grupu la darasa ambamo mwanawe anatukanwa kila usiku liko palepale kwenye skrini.

Ukiletewa onyo, tazama kama lina mishale miwili: maana yake limeshasambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hupelekwa gumzo moja tu kwa wakati. Kisha tafuta tarehe, mji na kituo cha polisi. Visipokuwepo, usilipeleke mbele.

Fundi_Mipangilio

Mkuu Kalamu, nakubaliana nawe, ila gazeti halikununua simu. Masharti ya WhatsApp yanataka miaka 13 (Ulaya ilikuwa 16 tangu 2018, ikashushwa hadi 13 mwaka 2024). Akaunti haifunguki bila tarakimu 6 zinazotumwa kwenye laini, na laini ya mtoto wa miaka 11 kuna mtu mzima aliyeisajili. Huyo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Akiwa ametimiza 13, kaeni pamoja na simu mkononi. Anzeni na magrupu, maana huko ndiko wageni wanakopitia. Ingia Mipangilio, Faragha, halafu sehemu ya magrupu. Utakuta imewekwa "kila mtu": yeyote mwenye namba ya mtoto anaweza kumwingiza kwenye grupu la watu asiowajua. Hapo kampuni ina lawama yake, ingefaa iwe imefungwa tangu mwanzo. Wengi huchagua "waasiliani wangu" wakadhani wamemaliza, lakini kila namba iliyohifadhiwa bado ina ruhusa, hata ya kaka mkubwa wa rafiki yake. Chagua ile ya "waasiliani isipokuwa", kisha weka alama kwa wote. Anayetaka kumwingiza atalazimika kumtumia mwaliko, na mwaliko huo hufa baada ya siku 3.

Pili, weka picha na video zisijipakue zenyewe, kwa bando wala kwa Wi-Fi. Usipozima, uchafu ukitumwa kwenye grupu saa sita usiku, asubuhi uko kwenye picha za simu hata kama hakuufungua. Kisha rudi kwenye Faragha, nyamazisha simu za namba ngeni.

Kinachoharibu kazi hii yote ni WhatsApp ya pili. Simu nyingi za laini mbili hukuruhusu kuinakili programu, na kuna zile za GB, yaani WhatsApp zisizo rasmi, zinazowekwa nje ya Play Store. Pitia orodha nzima ya programu, usiishie kwenye skrini ya mbele.

Family Link ya Google inasaidia kwa muda wa kutumia simu, saa ya kulala na kuidhinisha programu. Haisomi meseji. Na kama akaunti ya Google ilifunguliwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya uongo, simu inamhesabu kuwa mtu mzima. Rekebisha hapo kwanza.

Neema_Kihonda

Asante, kaka. Na simu ya mama? Halafu, kusoma meseji zake ni sawa?

Fundi_Mipangilio

Simu ya mama: funga WhatsApp kwa alama ya kidole, na washa ubandikaji wa programu (uko kwenye mipangilio ya usalama ya Android). Mtoto anabaki kwenye somo au katuni uliyomfungulia, hatoki bila PIN yako, mradi umewasha pia chaguo la kuiuliza kabla ya kutoka.

Kusoma kwa siri hakufiki mbali. Tangu 2023 gumzo linaweza kufungwa, tena likafichwa kwa neno la siri lisionekane kabisa. Akijua unapekua, ataficha, na siku akitishwa hatakuambia. Simu ilale sebuleni kwenye chaji, ya mzazi pia. Hilo lina nguvu kuliko upekuzi.

Dawati_Mtaani

Naongeza kuhusu siku tatizo likitokea, maana hapo wazazi wengi huharibu ushahidi kwa hasira. Usifute gumzo, usimjibu mtu huyo, usivunje simu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba kamili, siyo jina ulilolihifadhi. Ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, usiinakili wala kuituma popote, hata kwa mwalimu au grupu la ukoo: kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Peleka simu yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia, na hata mzazi anaweza kupiga.

Ukimripoti mtu ndani ya WhatsApp, kampuni hupokea jumbe 5 za mwisho alizotuma. Kwenye kisanduku kinachotokea unaporipoti kuna alama ya kumzuia na kufuta jumbe zake. Iondoe kabla ya kubonyeza, la sivyo polisi watakuta gumzo tupu.