Ushauri: Baba anaruhusiwa kutoka hospitali, nani atamhudumia nyumbani? (Uingereza)

Kijana_wa_Nansio: Wakuu, salaam. Baba ana miaka 79, ni raia wa huku, anaishi peke yake kwenye nyumba yake Leicester. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali inataka kumruhusu. Wanasema atapata wahudumu bure hadi wiki 6, halafu halmashauri imtathmini. Mimi niko Coventry, kazi ya zamu. Kwenye makao ya wazee hataki hata kusikia. Baada ya hizo wiki nani analipa? Usingizi umenipaa.

Bi_Mkubwa_Tanga: Mwanangu, mzazi hatunzwi na halmashauri. Mama yangu alipopata kiharusi nilimuogesha kwa mikono hii mpaka Mungu alipomchukua, na genge sokoni nilikuwa nalo. Mchukue ukae naye.

Kijana_wa_Nansio: Shikamoo Bi Mkubwa. Nakaa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

Dada_wa_Zamu: Kazi hii naifanya. Hizo wiki ni za kumrudishia uwezo: soksi humvalishi, unasimama pembeni avae mwenyewe hata kama itachukua robo saa. Baadaye anatathminiwa mahitaji yake, ni bure, ipo kwenye sheria ya 2014. Ndipo wanapima mfuko. Akiwa na zaidi ya paundi 23,250 anajilipia. Nyumba haihesabiwi maadamu anahudumiwa humo humo. Ana akiba kiasi gani?

Kijana_wa_Nansio: Hana kitu cha maana.

Dada_wa_Zamu: Nimeuliza kiasi.

Chuma_Ulete: Samahani kuingilia, viza za hizo kazi bado zipo?

Dada_wa_Zamu: Kwa wanaoomba wakiwa nje, walifunga Julai 2025. Kijana, nakusubiri.

Kijana_wa_Nansio: Sawa. Alikuwa na 41,000. Amenihamishia 30,000, nimelipia kiwanja Kigamboni. Ni hela yake, kanipa kwa hiari, na mtoto ni mimi peke yangu. Kuna ubaya gani?

Dada_wa_Zamu: Alikupa kabla ya kuanguka au baada?

Kijana_wa_Nansio: Akiwa wodini.

Mzee_Kifimbo: Tulia, miaka 7 ikipita hawafuatilii.

Dada_wa_Zamu: Mzee Kifimbo, hiyo 7 ni ya kodi ya mirathi. Kwenye matunzo hakuna ukomo. Wakiona lengo lilikuwa kukwepa malipo, wanamhesabia kama bado anazo, na wanaweza kukudai wewe uliyepokea.

Kijana_wa_Nansio: Hakukwepa chochote! Kalipa kodi nchi hii maisha yake yote. Na kichwa chake kizima, juzi wamempeleka jiko la hospitali wakamwambia achemshe chai, kachemsha vizuri tu.

Mpekuzi_Huru: Hapo nimekukamata. Hospitali gani inampikisha chai mgonjwa wa nyonga? Uzi wa kutunga huu. Kwanza unasema hana kitu, mara 41,000.

Chuma_Ulete: Hahaha, chai ndani ya chai.

Dada_wa_Zamu: Mpekuzi, hilo ni la kweli. Mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayepima kama mgonjwa anamudu shughuli zake za kila siku, anamtazama: anajaza birika kiasi gani, anaachia kigari cha kutembelea akiwa na maji ya moto, anakumbuka kuzima. Hapo ndipo wanajua aletewe nini, kiti cha jikoni au vishikio vya ukutani. Vifaa vidogo hivyo halmashauri hailipishi.

Bi_Mkubwa_Tanga: Kwa hiyo mzee wa watu anafanyishwa mtihani! Kijana, rudisha hela ya baba yako.

Kijana_wa_Nansio: Mwenye kiwanja hataki kurudisha, na baba mwenyewe kakataa nisidai. Mtathmini anakuja Alhamisi. Niseme zilikuwa deni?

Dada_wa_Zamu: Usiseme. Taarifa za benki wataziomba. Aeleze mwenyewe, wewe ukiwa chumba kingine. Asipoelewana nao anaweza kuomba mtetezi huru wa kusimama naye. Na hata kama atajilipia, ajaze fomu ya posho ya matunzo ya wazee, Attendance Allowance, hiyo haiangalii akiba.

Kijana_wa_Nansio: Hiyo fomu naipata wapi?

Dada_wa_Zamu: Tovuti ya serikali, au wapigie simu wakutumie. Ila ajaze kama anavyokuwa siku mbaya, asijikaze kama siku ile ya chai.