Roboti kwa watoto wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) na gredi ya kwanza: tununue mashine au tuanze na chaki?

Wadau, mjadala huu ukizuka tunagawanyika palepale. Huku wapo wanaosema mtoto asiyejua kodingi, yaani kuiandikia kompyuta maagizo, ataachwa nyuma, kule wapo wanaotaka wa miaka mitano aachwe acheze na udongo. Wote, kwa maoni yangu, wanagombania skrini.

Tazameni Bee-Bot, roboti ya Uingereza yenye umbo la nyuki. Haina skrini. Mgongoni ina vitufe vya mbele, nyuma, kushoto, kulia, na kimoja cha kuiamuru iondoke. Kila hatua ni sentimita 15, kila kona nyuzi 90. Mtoto hupanga safari nzima kichwani, akabonyeza, kisha akaona nyuki wake akigonga mguu wa meza. Hapo ndipo somo linapoanza: nyuki ametii, kwa hiyo agizo lipi lilikosewa? Seymour Papert na wenzake, walioanzisha Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto, mwaka 1967, walitaka hivyohivyo: mtoto ndiye aiamuru mashine.

Sasa turudi kwetu Kenya. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi vya darasa la kwanza. Mwaka 2016 zikaanza kufika tableti, na nyingi tunajua zililala kabatini. Mwaka 2022 KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ikaidhinisha maudhui ya kodingi kwa shule za msingi na sekondari. Leo "robotiki" imejaa kwenye mabango ya shule za binafsi, na mzazi ndiye anayelipia.

Msimamo wangu: tuanze na chaki. Chora miraba uwanjani, mtoto mmoja awe roboti, wa pili amwamuru kwa kadi za mishale, wa tatu atafute kosa. Darasa la watoto sabini linaiweza kazi hii. Roboti moja kwa watoto sabini ni maonyesho tu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mtoto anayeigiza roboti ana akili zake: akiona ukuta, atakwepa hata kama kadi inasema mbele. Nyuki hakwepi, na ukaidi huo wa mashine ndio unaomfundisha mtoto kusema kila kitu bila kuruka hatua. Kwa hiyo roboti zina kazi yake, ila zije baadaye, moja kwa kila kikundi.

Basi niambieni: shule ina pesa za roboti tano, au za kumpeleka mwalimu mmoja mafunzoni. Mimi nampeleka mwalimu. Nyinyi je, hasa mlio darasani?