Mrejesho: mawe hai ya zamani kwenye tangi jipya la matumbawe

Wadau, niliuliza kama naweza kuhamishia mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria wanaosafisha maji) ya tangi langu dogo la samaki wa maji chumvi kwenye kubwa bila kuanza upya mzunguko wa naitrojeni, yaani kusubiri tena bakteria waongezeke hadi waweze kuondoa sumu ya taka za samaki. Imewezekana. Amonia na naitraiti, ndizo sumu zenyewe, zimebaki sifuri kila nilipopima, na matumbawe yamefunguka vizuri.

Kilichosaidia zaidi ni kutoyaacha mawe yakauke, maana bakteria wanaokula amonia wanaishi ndani ya vitundu vyake. Niliyaweka kwenye ndoo za maji ya tangi lilelile, pampu ndogo ikizungusha maji, kipasha joto kikiwa nyuzi 25. Kila jiwe nililitikisa kwanza kwenye ndoo ya pembeni, tena kwa maji ya chumvi, siyo ya bomba. Tope lililotoka! Jiwe la tatu tu, kitako cha ndoo hakionekani.

Aliyesema nitupe mchanga wa zamani, ahsante sana. Nilipouchota, tabaka la chini lilikuwa jeusi na linanuka yai viza, yaani haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu. Hiyo ingeingia tangi jipya ingekuwa msiba.

Maji mapya niliyalinganisha na ya zamani: joto lilelile, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi). Diatomu za kahawia (mwani mdogo sana) zilitanda juu ya mchanga mpya, zikaondoka zenyewe. Jiwe moja lenye aiptasia, anemone msumbufu anayezaana haraka na kuchoma matumbawe, nimeliacha nje, sitaki vita hiyo.

Samaki wapya nitaongeza mmojammoja, kwa kuwa bakteria waliopo wamezoea mzigo wa samaki wa zamani tu.