Tupeane uzoefu: majina ya globali katika JavaScript yamekufanyia nini?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba tusimuliane tuliyoyaona katika skopu ya globali ya JavaScript, yaani eneo ambalo majina yake huonekana na mafaili yote ya ukurasa, kwani wanafunzi wangu wengi hapa Unguja Mjini huandika kurasa zinazokwenda vizuri mpaka siku linapoongezwa faili la pili.

Naanza mimi. Niliitwa kuutazama ukurasa wa nyumba ya wageni ya Jambiani, uliokuwa na faili la kalenda na faili la malipo, na kila moja lilitangaza jina siku kwa neno var. Majina hayo yote huingia katika objekti moja ya kivinjari, window, inayobeba majina ya globali, kwa hivyo faili lililosomwa mwisho lilifuta thamani ya mwenzake bila ya kivinjari kutoa onyo, na kalenda ikasoma idadi ya siku pale ilipotarajia orodha ya tarehe. Lau wangetumia let, njia nyengine ya kutangaza jina iliyokuja mwaka 2015, kivinjari kingelikataa faili la pili kwa kosa la wazi. Tafadhalini, kosa linaloonekana ni bora mno kuliko ukimya.

Mchangiaji wa Wete:
Ahsante, mwalimu. Sisi tulikuwa na orodha ya wanakikundi wa mwani, var name = ["Mwanaisha", "Time"], na tulipoita name[0], yaani jina la kwanza, tukapata herufi M peke yake. Sababu ni kuwa window ina name yake tangu zamani, nayo hugeuza kila inachopewa kuwa maandishi. Tulipoandika let name, orodha ilibaki orodha. Lakini msidhani let inatosha kila mahali: let top hukataliwa, kwa sababu top ni mali ya kivinjari isiyoweza kufunikwa.

Mchangiaji wa Chake Chake:
Kwangu ilikuwa kwenye seva. Msimbo uliotoka kwenye ukurasa ulisimama papo hapo, kwa kuwa Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, haina window. Objekti yake ya globali huitwa global. Tangu 2020 kuna globalThis, inayofanya kazi pote pawili.

Mchangiaji wa Makunduchi:
Naongeza jambo moja. Ukiandika jumla = 0 ndani ya funksheni bila ya kulitangaza jina hilo, linakuwa la globali kimyakimya. Agizo la "use strict", linalowasha hali kali, hulizuia, na moduli, yaani mafaili yanayopeana majina kwa import na export, huwa katika hali hiyo zenyewe. Zaidi ya hayo, jina lililotangazwa juu kabisa ya moduli halitoki nje ya faili lake mpaka uliandikie export.