Tupeane uzoefu: ashtanga, vinyasa au pawa yoga, wewe wa Goma unafanya ipi?

Mwanzisha mada (Himbi)
Jambo wapendwa. Kila nikiuliza habari za yoga ya kutoa jasho naambiwa zote ni zile zile. Si kweli. Naanza na yangu, kisha nanyi mtupie.

Mimi ni wa ashtanga. Aliyeisambaza ni K. Pattabhi Jois (1915–2009) wa Mysore, India, aliyefundishwa na Krishnamacharya. Mpangilio wake haubadiliki: salaamu ya jua (mlolongo wa kuinuka na kuinama) ya kwanza mara 5, ya pili mara 5, mikao ya kusimama, ya kukaa, halafu ya kumalizia. Karibu kila mkao unakaa pumzi 5. Mpangilio huo mzima, unaoitwa mfululizo wa kwanza, unakula kama saa moja na nusu, kwa hiyo siku za kazi naishia nusu. Wengi wanalalamika eti kurudia kile kile kunachosha. Kwangu utamu uko hapo hapo: ukishaukariri, mega ziishe, umeme ukatike, wewe unaendelea gizani. Video ya vinyasa ikikwama katikati unabaki umeinama kama mtu anayetafuta faranga chini ya kitanda.

Shida yangu ni nyumba ya mbao. Ukiruka kurudisha miguu nyuma, sakafu inalia mpaka kwa jirani. Mama wa upande wa pili alishabisha ukutani kuuliza kama naua panya. Siku hizi napeleka mguu mmoja mmoja. Nje ndiyo usiseme: kiwanja chote ni mawe ya volkeno, hata ukitandika mikeka miwili viganja vinayasikia.

Yaya wa Keshero
Mdogo wangu, mimi nakupinga. Vinyasa ya leo imechipuka humo humo kwenye ashtanga, ila mwalimu ndiye anayepanga. Kuna dada anatufundisha sebuleni kwake Katindo. Kabla ya kuanza anauliza nani ameamka na mgongo, nani magoti, kisha anapanga somo la siku hiyo. Pumzi inaingia, mikono inapanda. Pumzi inatoka, mnainama. Ashtanga yako inamuuliza nani hali?

Mwanzisha mada
Yaya, ukiwa na mwalimu wa hivyo nakubali. Wengine tuna simu tu.

Kijana wa Birere
Pawa yoga hapa! Ilianza Marekani, ikapata umaarufu miaka ya 1990 kupitia watu waliotoka kwenye ashtanga, kama Beryl Bender Birch na Bryan Kest. Watu wa jim, kumbi za mazoezi, waliipenda haraka. Hakuna kuimba Kisanskriti, na mama yangu wa kwaya alipolisikia hilo akaacha kuniuliza maswali.

Tunafanya na wenzangu wa kunyanyua vyuma. Mwenye kifua kikubwa kuliko wote ndiye huanza kutetemeka. Angalieni chaturanga, ile ya kushuka kama pompe: viwiko vibane mbavuni, na mabega yasizame chini ya usawa wa viwiko. Ukishindwa, weka magoti chini. Mitindo yote mitatu inairudia mara nyingi sana, na mabega yanachoka kabla hujajua. Nawaona watu kwenye video wanaanguka tumbo puu, halafu wanasema wanapaa.

Mama wa Ndosho
Nina presha. Daktari alinikataza kusimama kwa kichwa, na ashtanga ina mkao huo mwishoni. Nikifika hapo nalala chali, basi.

Wa Bukavu
Sisi kupanda Kadutu na ndoo kunatosha. Ila nami ni wa ashtanga. Desturi yake ni kupumzika Jumamosi, na pia siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mimi ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi hakuna wa kuniita mvivu.

Mama wa Ndosho
Na hilo jasho, mnakunywa maji katikati?

Kijana wa Birere
Mimi nakunywa. Walimu wa ashtanga wengi hawapendi ukatize. Yaya wa Keshero, hapo Katindo wanaume wanaruhusiwa?

Yaya wa Keshero
Wanaruhusiwa. Lakini makochi tunayatoa wenyewe kabla ya somo, na lile kubwa halipiti mlangoni bila kulalishwa ubavu. Uje mapema, na hao wenzako wa vyuma uwalete.